Telefoni ya Bwawani

Tulimzika Salumu mwezi uliopita hapa Kasongo, mvua ikinyesha kidogo kidogo. Baada ya mazishi tuliketi barazani kwa mwanawe, tukala wali na maharage, na mjukuu mmoja wa marehemu akanisogelea na kuniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli babu yake alifungwa wakati wa Wabeleji kwa sababu ya kumuua shemeji yake. Nilimjibu kwamba alifungwa, ndiyo, na kwamba hakuua mtu. Akasubiri niendelee. Watu walikuwa wengi, sahani zilikuwa zinapita juu ya magoti yetu, nami si mtu wa kueleza jambo refu katikati ya chakula. Nilimwambia kwamba nitaliandika. Ninaliandika sasa, kwa utaratibu, kwa kuwa waliolishuhudia tumebaki wachache, na kwa kuwa tangu mwaka ule sijawahi kuitazama mashine yoyote bila kulifikiria.

Nilikuwa karani kijana katika machimbo ya dhahabu kwenye milima iliyo kati ya Kabambare na Salamabila. Mapadri wa Kasongo walikuwa wamenifundisha Kifaransa cha kutosha kuandika majina ya wafanyakazi na kumfasiria enjenya, mhandisi wa Kibeleji ambaye watu walimwita Bwana Rula, maana alitembea na rula ya mbao chini ya kwapa kama mzee anavyotembea na fimbo. Sikuishi katika nyumba za makarani. Nilipanga chumba kwa Mama Mwamini, mjane wa Kibangubangu aliyekuwa na nyumba ya udongo yenye vyumba vitatu ukingoni mwa kampi. Chumba kimoja kilikuwa changu, kimoja chake, na cha tatu cha mwanawe Ramazani na mkewe Zaina. Jikoni kulikuwa uani, chini ya paa la majani. Jioni tulikula pamoja bugali wa muhogo na sombe, majani ya muhogo yaliyokolea mawese, na siku za mshahara samaki mkavu. Kaka yake Zaina, Salumu, alishuka kutoka bwawani alikokuwa mlinzi, akala nasi kabla ya kurudi kwake. Ndiye aliyempatia Ramazani kazi ya kuchimba mtoni, na Ramazani hakuacha kumtania kwa jambo hilo. Alisema shemeji yake amempa mke, kisha kwa kuona mke ni zawadi ndogo, akamwongezea sururu.

Bwawa lilikuwa juu ya bonde. Bwana Rula ndiye aliyelichora na kulijenga, ukuta wa udongo na mawe wenye mlango wa mbao, ili mto uzibwe na wanaume waweze kuchimba mchanga wa dhahabu chini, mahali maji yalipopita zamani. Sitaki msomaji adhani alikuwa mtu mzembe. Nilimwona akiukagua ukuta ule kwa mikono yake, akiponda udongo kati ya vidole, akikataa mbao ambazo mtu mwingine angezikubali. Alijua kwamba ukuta ukishindwa, walio chini hawatapata nafasi ya kukimbia. Kwa hiyo alivuta waya kutoka bwawani hadi biro, ofisini kwake, akaweka telefoni kila upande, na kwa ajili ya telefoni hiyo akatunga utaratibu. Asubuhi na adhuhuri mlinzi wa bwawa azungushe mkono wa telefoni. Bwana Rula atauliza, kwa Kiswahili chake cha kwenye kijitabu, "Habari ya bwawa?" Jibu likiwa zuri, maongezi yameisha. Jibu likiwa baya, ndipo aulize maswali mengine: maji yako wapi, mlango ukoje, ukuta ukoje. Alinieleza utaratibu huo kwa fahari, akasema ni mwepesi kiasi kwamba hakuna awezaye kukosea. Nami sikuona kasoro. Kila asubuhi aliponiuliza habari mlangoni mwa biro nami nilimjibu kwamba ni nzuri, hata siku nilizoamka na homa.

Maana kwetu mtu akikuuliza habari, unamjibu muzuri. Hata nyumba ikiwa imeungua, unajibu muzuri kwanza, kisha unavuta pumzi, kisha unasema lakini. Huko si kudanganya. Unapokea salamu ya mwenzako kabla ya kumtwisha mzigo wako, na anayekuuliza naye anajua kwamba habari yenyewe bado iko njiani, kwa hiyo anangoja. Bwana Rula hakungoja. Alisikia muzuri, akasema "Aya, muzuri," akakata. Miezi ya kiangazi jambo hilo lilikuwa kichekesho cha kampi. Walinzi walizoea kukatwa, wakaanza kushuka kwa miguu adhuhuri kuja kusema lakini ya asubuhi: lakini mchwa wameingia kwenye mbao, lakini kamba ya mlango imechakaa. Ramazani aliwaita akina Bwana Lakini. Salumu alipoingia uani jua likiwa bado juu, Ramazani alimwita mkewe kwa sauti kubwa.

"Zaina, weka maji ya kunawa. Lakini imefika."

Na Salumu alijibu, akivua viatu, kwamba telefoni ya Wazungu ina sikio moja tu, nalo linashiba haraka. Tulicheka sote. Nikikumbuka kicheko kile leo, naona kwamba kampi nzima ilikwisha kuijua kasoro na ilikuwa inaiziba kwa miguu ya walinzi. Kilichozibwa hivyo hakionekani na mwenye biro. Yeye aliona tu kwamba utaratibu wake unakwenda vizuri.

Mvua za kwanza zilipokuja, zilikuja kwa nguvu. Asubuhi moja Salumu aliona maji yakitoka chini ya ukuta, upande wa nje. Baadaye alinieleza kwamba maji hayo yalikuwa ya rangi ya udongo, na hapo ndipo alipoogopa, maana maji safi yanayochuruzika ni jasho la ukuta, lakini maji yenye udongo ni ukuta wenyewe unaondoka. Alizungusha mkono wa telefoni. Mimi nilikuwa ghalani nikihesabu majembe pamoja na kapita, msimamizi wa wachimbaji. Bwana Rula aliinua mwenyewe, akauliza habari ya bwawa. Salumu akasema, "Muzuri, Bwana, lakini," na waya ukanyamaza. Alizungusha tena. Waya ule mmoja ndio uliokwenda pia kwenye kituo cha barabara, na Bwana Rula alikuwa tayari anazungumza huko juu ya lori lililokwama. Salumu alizungusha mara nyingine, kisha akaiacha telefoni ikining'inia, akakimbia chini ya mlima akipiga kelele. Alikuwa bado njiani ukuta ulipoachia. Sisi ghalani tulidhani ni lori zito linaingia kampi. Wanaume wengi walisikia na kutoka shimoni. Ramazani na mwenzake mmoja walikuwa mwisho kabisa, chini ya ukingo mrefu, nao hawakutoka.

Salumu ndiye aliyepeleka habari nyumbani, kabla askari hawajamchukua. Nami nilifika nyuma yake. Mama Mwamini alikuwa anapepeta mchele.

Kesi ilisikilizwa Kabambare, katika nyumba ya serikali yenye sakafu ya matofali mekundu, mbele ya administrata, Mbeleji aliyetawala wilaya. Nilifasiri. Bwana Rula alikuwa amevaa suti, na midomo yake ilikuwa imepauka. Alisema ukweli: alimuuliza mlinzi habari, mlinzi akasema ni nzuri. Salumu naye alisema ukweli: alimwambia Bwana, Bwana akakata. Administrata alitaka neno moja. Aliniagiza nimuulize kama alisema muzuri, ndiyo au hapana. Salumu alinitazama mimi, si yeye.

"Alinisalimia, karani. Nilipokea salamu yake."

Nilifasiri hivyo hivyo, neno kwa neno, kisha nikaomba ruhusa nieleze desturi. Administrata akaniambia kwamba mfasiri anafasiri. Akarudia swali. Salumu akasema ndiyo, alisema muzuri. Hapo kazi ya administrata ikawa nyepesi. Alimhukumu kifungo cha mwaka mmoja na kazi ya barabara kwa uzembe na kwa kusema uongo uliosababisha vifo. Nikiwa katika chumba kile nilifahamu kwa mara ya kwanza kwamba watu wawili wanaweza kusema kweli tupu, na kutoka katika kweli mbili hizo ukatokea uongo ambao hakuna aliyeusema. Walimtafuta mwenye uongo, na aliyepatikana ni yule asiyekuwa na suti.

Huzuni ya nyumba ile sitaieleza sana. Zaina aliingia eda. Alikaa katika chumba chake nyuma ya pazia la kaniki, na sauti niliyoisikia kwake kwa miezi ilikuwa ya kijiko kwenye sufuria. Mtu akimtaja kaka yake uani, hata kijiko kilinyamaza. Mama Mwamini aliniambia tukiwa jikoni kwamba mkwewe anaamini neno la serikali: yaya wake, yaani kaka yake, aliona maji, akasema muzuri. Zaina alikuwa amesema mara moja tu, kwa kifupi, kwamba mutu anayeweza kusema muzuri juu ya kaburi la mume wa dada yake, haiko tena yaya wake. Nilijaribu kumweleza kupitia pazia. Alilivuta likaziba zaidi. Kumbe nilikuwa ni sauti ile ile iliyofasiri hukumu, na watu wa kampi walikwisha kulisema hilo pia.

Ukuta ulijengwa upya, na Bwana Rula, ambaye usingizi ulikuwa umemwacha, alibadilisha utaratibu. Aliondoa maongezi yote. Badala yake akaweka kengele ya umeme: mlinzi akiona hatari abonyeze, kengele ilie biro, wachimbaji watoke. Kwa akili yake maneno ndiyo yaliyomsaliti, basi hakutakuwa na maneno. Akaamua kuijaribu bila kuwaonya walinzi. Aliagiza mlango ufungwe kabisa ili maji yapande hadi alama nyekundu, akakaa biro akiitazama kengele. Kengele haikulia. Baada ya muda mlinzi mpya alitokea mlangoni, amelowa jasho, kofia mkononi, akasalimu vizuri, akasema maji yamepita alama. Bwana Rula alimuuliza kwa nini hakubonyeza. Mlinzi alirudia tu kwamba maji yamepita alama. Nilipobaki naye peke yetu alinieleza, akishangaa kwamba nauliza. Kengele ilikuwa mezani kwa kila Mzungu, nayo ilikuwa ya kumwita boi alete kahawa. "Miye nimupigie Bwana kengele, aje? Anikute nimekaa kule juu namungoja?"

Nilimfasiria Bwana Rula. Aliiweka rula magotini. Kisha aliniuliza atengeneze nini, nami nilimwambia kwamba nisingemjibu vizuri hapo biro, kwa kuwa hapo biro hata mimi nilikuwa na Kifaransa kichwani. Nilimwambia aje ale nasi. Sijui nilipata wapi ujasiri huo. Yeye naye hakuuliza ni nyumba ya nani, na alipofika uani, akaona ni nani anayemwekea kiti, alikuwa amechelewa kurudi nyuma.

Mama Mwamini alimpa wali wa mpunga wa Kasongo na kuku, chakula cha mgeni. Walinzi wawili walikuwapo. Mwanzo hakuna aliyesema la maana. Bwana Rula alikula kwa kijiko chake mwenyewe, akasifu mchele, na mlinzi mmoja akanong'ona kwamba leo kuku amekufa kwa ajili ya serikali. Ndipo nilipouliza, kwa niaba yake, mtu wa huku akibeba habari mbaya sana anaisemaje. Walinzi walianza kubishana, huyu wa Wazimba, huyu wa Wabangubangu, kila mmoja akimwambia mwenzake kwamba kwao hawajui adabu. Mama Mwamini aliwaacha wachoke. Kisha akasema akiwa anatazama sufuria.

"Mutu wa kifo hasalimie na hakai. Siku ile Salumu alifika hapo mlangoni. Nilimwambia karibu, nikamuuliza habari. Hakuitika. Nilimusogezea kiti, hakukaa. Alisimama tu, ananiangalia. Nilijua mtoto wangu amekwisha mbele hajafungua kinywa."

Nilifasiri. Bwana Rula aliweka kijiko chini. Aliniuliza, taratibu sana, kwa nini basi kwake Salumu aliitika. Nilimfasiria Mama Mwamini, naye akamjibu moja kwa moja, kwa Kiswahili rahisi ili amfahamu bila mimi.

"Weye hukumuona amesimama."

Nyuma ya pazia kijiko kilikuwa kimenyamaza. Nililitambua hilo kwa kuwa nilikuwa nimekaa karibu na mlango, na sikujua kama Zaina anasikiliza au amelala.

Siku iliyofuata kengele iliondolewa, telefoni ikarudi. Utaratibu wa safari hii ulitungwa na walinzi pamoja na Bwana Rula, siku nzima, wakifanya mazoezi waya mkononi hadi wakacheka. Mlinzi akiwa na hatari, aanze kwa kusema "Nimesimama." Akisema hivyo, aliye biro, hata awe Bwana, asiulize habari, asiseme kitu, asikate, hadi mlinzi amalize, kisha ayarudie aliyoyasikia, na ni mlinzi mwenye ruhusa ya kukata. Walinzi ndio waliodai hilo la mwisho, na Bwana Rula alilikubali baada ya kufikiri. Kabla masika hayajaisha, neno lile lilisemwa kweli. Sehemu ya ukuta iliporomoka wachimbaji wakiwa wamekwisha kupanda ukingoni, wakitazama majembe yao yakienda na maji. Jioni ile kampi ilipika kama siku ya sikukuu.

Leo kazi yangu ni kufunga mashine za kukoboa mpunga. Nilijifunza peke yangu, kwa kufungua mashine zilizokufa na kusoma vitabu vilivyookolewa katika nyumba zilizoachwa. Kabla ya kufunga mashine katika kijiji chochote, naomba siku moja ya kukaa tu na kuwatazama wanawake wanavyotwanga. Wateja wananiona mvivu. Lakini nimeona mashine ambayo aliyeiunda aliweka mkono wa kuizima juu upande wa kulia, mahali pazuri kwa mwanamume mrefu asiyebeba kitu. Wanaoitumia huku wana mtoto mgongoni na mkono wa kulia umeshika ungo. Ninauhamishia chini, kushoto, karibu na goti. Aliyeunda chuma ameunda nusu. Nusu nyingine iko katika mwili wa mtumiaji, katika mazoea yake, katika anachoona ni aibu kukifanya, na nusu hiyo haionekani kwenye mchoro. Nayajua haya kwa sababu ya Bwana Rula, na ningependa kumheshimu kwa hilo. Ila kuna jambo lililobaki. Baada ya ukuta kuporomoka bila kuua mtu, nilimwomba aende Kabambare akamweleze administrata kwamba Salumu hakudanganya. Utaratibu mpya wenyewe ulikuwa ushahidi. Hakuna anayetengeneza ambacho hakijavunjika. Alinijibu kwamba hukumu ni ya serikali, na kwamba kampuni haingependa. Alisema hivyo akiwa ameshika mlango. Alikuwa amejifunza kusikia hatari ya ukuta, na nadhani aliisikia na ile ya kumwacha asiye na kosa kifungoni, maana miezi iliyobaki hakuweza kunitazama usoni.

Eda ya Zaina ilipokwisha, alitoka uani asubuhi, akaniita kwa jina, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliuliza kwa nini Wazungu walibadilisha maneno ya telefoni. Nilianza kueleza kwa urefu, kama ninavyoeleza hapa. Akanikatiza, akauliza kama walibadilisha kwa sababu maneno ya kwanza yalikuwa mabovu. Nikasema ndiyo. Aliingia ndani, na nilimsikia akizungumza na mama mkwe wake.

Mimi na wanawake wale wawili tulisafiri na lori la kampuni hadi Kabambare, alikofungwa Salumu, mimi nikiwa na kazi ya biro huko. Walipika katika nyumba ya jamaa nyuma ya soko, wakafunga sufuria kwa kitambaa, tukaenda kwenye barabara ambako wafungwa walikuwa wakivunja mawe. Askari aliangalia chakula, akaonja kipande cha kuku, akamwita Salumu. Alikuwa amekonda na nywele zake zilikuwa zimenyolewa vibaya. Alipomwona dada yake alibaki hapo alipo, akawa hajui afanye nini na mikono yake. Mama Mwamini, ambaye mwanawe alifia chini ya bwawa lile, alimkaribia na chombo cha maji, akamwagia mikononi, akasugua vumbi la mawe kwa vidole vyake mwenyewe kama mtu anavyomnawisha mtoto. Zaina alingoja hadi mikono ilipotakata.

"Yaya, ulimuambia?"

"Nilianza kumuambia."

"Ungepiga kelele mule ndani ya chuma. Ungemutukana."

"Ndiyo, mudogo wangu."

Nami nilikuwa nimetayarisha habari zote za utaratibu mpya ili nimpe kama zawadi, nikaona hapakuwa na mahali pa kuziweka. Zaina alifungua sufuria, akampakulia, akakaa mbele yake kwenye rundo la mawe wakati akila, akitazama barabara. Hakulia na hakumgusa. Alipomaliza, askari akamrudisha kazini, na Zaina akafuta sahani kwa majani, akaifunga. Kisha akamfuata askari hatua chache, akamuuliza ni siku gani nyingine wanaruhusu chakula.

Askari alisema Ijumaa.

"Basi Ijumaa tutakuja," alisema Zaina, na akaniambia mimi nirudi kampi peke yangu.